Mafuta ya Bibi, Viluwiluwi Wangu

Mwezi uliopita nilimwosha mama yangu. Tulikuwa wanawake wanne chumbani, na yule mwosha maiti wa mtaani kwetu, mwanamke mwenye mikono mipole na mdomo mkali, alipofika kwenye maji ya mwisho akaisaga karafuu maiti kiganjani na kuinyunyiza ndani ya ndoo. Harufu ikapanda. Nikaiweka kata chini, nikatoka nje nikashika ukuta. Wenzangu wakasema mwacheni, ni uchungu wa mama. Mungu anisamehe, saa ile sikuwa namlilia Mama. Nilikuwa namlilia Bibi, mama yake baba, ambaye mara ya mwisho kumwona nilikuwa kibogoyo, meno ya mbele yameng'oka yote.

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu. Nawaandikia ninyi mlio rika langu, mliozaliwa Mdachi akiwa bado anatawala, kwa sababu watoto wetu wataniuliza maswali mengi na mimi sina subira ya kujibu maswali mengi. Ninyi mnakumbuka. Mnakumbuka tarumbeta la Boma asubuhi, na askari wakihesabu hatua kwa Kijerumani, nasi watoto nyuma ya ua tukiwaiga mpaka mtu mzima atukurupushe. Mnakumbuka masika ya wakati ule, Mlima Meru unafunikwa na mawingu wiki mbili hauonekani, na njia zote za mji zinakuwa tope la kufika vifundoni.

Baba alikuwa fundi mwashi, mtu wa Tanga, aliyekuja Arusha kwa sababu Wadachi na Wahindi walikuwa wanajenga. Mama alikuwa mtu wa Pangani, na baridi ya Arusha hakuizoea hata siku moja. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa majani ya migomba, karibu na mto Naura, na mbele yake palipita mfereji mdogo wa kumwagilia mashamba ya Waarusha. Baada yangu mimi Mama alizaa watoto wawili wa kiume. Wote wawili walikufa kwa homa, wote wawili wakati wa masika. Mimi nilimkumbuka mmoja tu, yule wa pili, na ninachokumbuka ni kisigino chake kilivyokuwa laini.

Mama alipomzaa Salimu, Baba aliona hofu iliyomkaa machoni, akaona hawezi peke yake. Akatuma salamu kwao kumwita mama yake. Bibi akapanda treni mpaka Moshi, ilikokuwa inaishia, kisha akatembea siku tatu na wapagazi mpaka kwetu. Alikuja kwa kazi moja, na aliitaja mlangoni kabla hata hajapewa maji ya kunywa.

"Huyu hatakufa," alisema, akimtazama Salimu mgongoni mwa Mama. "Nimekuja kumvusha masika. Akivuka, nitarudi kwangu."

Mama akapiga goti, akasema, "Shikamoo Mama," na machozi yakamtoka. Siku hiyo walipendana. Nataka mlijue hilo kwanza.

Bibi alikuwa Msambaa wa mlimani, mfupi, mweusi, mwenye sauti nene kuliko ya Baba. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga lakini maneno ya kwao yaliingia humo bila kubisha hodi. Kubwa lililonishangaza ni kwamba homa aliiita mbu. Kwao ndivyo wanavyosema: mdudu ni mbu, na ugonjwa ni mbu, jina moja. Mtu akishuka kutoka mlimani kwenda bondeni akarudi anatetemeka, wanasema kapata mbu. Mimi nikadhani mtu mwenye homa ana mbu ameingia tumboni anaimba humo, na kila Salimu alipolia nilitega sikio kwenye kitovu chake.

Alikuja na sufuria kubwa ya shaba, iliyobebwa kichwani na mpagazi njia nzima. Zamani, Tanga, alijifunza kutengeneza marashi ya waridi kwa bibi mmoja mtu wa pwani, na sufuria ile ndiyo aliyoachiwa. Lakini kwetu hakuitumia kwa waridi. Alitafuta kivumbasi. Ninyi mnakijua kivumbasi, kile kichaka chenye majani ya kijivujivu kinachoota kando ya mifereji, ukikigusa tu mkono unanuka mpaka kesho. Kilichokuwa karibu kilipokwisha akapatana na mama mmoja wa Kiarusha aliyetuletea maziwa kutoka upande wa Elerai. Tulimwita Yeyo, maana kwao ndiyo mama. Yeyo alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na Bibi hakuwa na hata moja la Kimaa ila salamu. "Takwenya," angesema Bibi kwa sauti yake nene, na Yeyo angejibu "Iko," kisha wangecheka wote wawili, kwa sababu Bibi alilitamka vibaya kila siku na hakujali.

Kazi yenyewe niliiona mara nyingi nikaishika. Katikati ya sufuria aliweka jiwe, juu ya jiwe bakuli tupu. Pembeni alijaza majani na maji. Juu alifunika kwa sinia lililobonyea katikati, akaziba ukingo kwa unga uliokandwa, akamwaga maji baridi ya Naura juu ya sinia. Moto mdogo chini. Mvuke unapanda, unakutana na baridi ya sinia, unatiririka mpaka kwenye lile bonde la katikati, unadondoka bakulini. Mimi kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya juu kila yanapopata moto, na ole wangu nikisahau. Akifunua, ndani ya bakuli mna maji, na juu ya maji kuna utando wa mafuta mwembamba, wa manjano kidogo. Aliuchota kwa unyoya wa kuku, taratibu, akiukamulia kwenye kichupa. Mzigo mzima wa majani ulitoa mafuta ya kufunika ukucha.

"Hicho tu, Bibi?" niliuliza siku ya kwanza. Nilitegemea angalau kikombe.

"Hicho tu, mke mwenzangu," alisema. Alikuwa ananiita hivyo, mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na mimi nilijiona mkubwa. "Hiki kidogo kina kazi kubwa. Njoo uone."

Akanipeleka kwenye mtungi uliovunjika mdomo, ambamo Mama alikinga maji ya mvua ya kufulia. Nikainama. Maji yalijaa viluwiluwi, wanajipindapinda, wanapanda juu, wanatulia kichwa chini mkia juu, kisha wanashuka tena. Bibi akachovya unyoya kwenye kichupa, akagusa maji, kugusa tu. Mafuta yakakimbia juu ya maji yote mara moja, yakatoa rangi. Viluwiluwi wakapanda kama kawaida yao. Safari hii walipofika juu wakapinda, wakapapatika, wakaanza kuzama mmoja mmoja, na hawakupanda tena.

"Basi," alisema Bibi. "Maji yako salama, utafulia, kuku watakunywa. Siyo kama mafuta ya Boma."

Maana watu wa Boma nao walikuwa na yao. Alipita mtu mwenye debe la mafuta ya taa na askari nyuma yake, wakimwaga kwenye madimbwi na mitungi bila kuuliza. Walipofika kwetu Bibi alisimama mbele ya mtungi wake, mikono kiunoni.

"Mafuta yenu yanaua viluwiluwi na yanaua kuku wangu," aliwaambia. "Hapa pamekwisha fanyiwa kazi. Angalieni wenyewe."

Askari akainama, akaangalia, akanusa, akapiga chafya. "Bibi, hii dawa yako inanuka kaburi," alisema, akacheka, wakaenda zao.

Alisema kwa mzaha, lakini Mama alikuwa mlangoni na alisikia. Tangu mwanzo harufu ile ilimsumbua, hakutaka tu kusema. Kivumbasi cha upande wetu ule kinanuka karafuu maiti, si kidogo, ni hasa. Ninyi mmewazika wenu, mnaijua. Mama alikuwa amewaosha watoto wawili kwa harufu hiyo ndani ya chumba kile kile, na sasa ikawa inatoka jikoni kila siku, iko kwenye mitungi, iko kwenye mikono ya Bibi anapomshika Salimu.

Jioni hiyo alisema. Alipiga goti kwanza, kwa adabu.

"Mama, samahani sana. Dawa yako sijaikataa. Lakini hii ni harufu ya maiti, na mimi nina mtoto mchanga. Tunamwita nani na harufu hii?"

"Ni harufu ya kivumbasi, mwanangu."

"Pua yangu haijui kivumbasi. Inajua nilivyowazika wanangu."

Bibi alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema jambo ambalo angeweza kulisema kwa upole, na hakulisema kwa upole: "Basi pua yako ichukie, mradi mtoto apone."

Baba alikuwa anakula. Akaweka tonge chini, akatazama mmoja, akatazama mwingine, akasema amekumbuka kwamba kuna chokaa ameiacha wazi kazini, akatoka. Alikuwa mtu mwema, baba yangu, lakini wanawake wawili wakigombana alikuwa na chokaa ya kufunika kila mara.

Mwisho walipatana hivi: Bibi aendelee na mitungi, mfereji na uwanja wa mbele. Upande wa nyuma, chini ya dirisha la chumba ambamo Mama alilala na Salimu, asifike na mafuta yake. Mama asisikie harufu ile akinyonyesha. Bibi hakupenda, lakini akakubali, na neno lake lilikuwa neno. Upande ule hakukanyaga.

Sasa nifike kwangu.

Mimi nilikuwa nimewaona viluwiluwi siku nyingi kabla ya Bibi kuja. Kwenye madimbwi ya Naura, maji yanapotulia kando ya mawe, walikuwapo weusi wenye mkia, nami masika yaliyotangulia niliwatazama siku baada ya siku wakiota miguu ya nyuma, kisha ya mbele, mkia ukiisha, mpaka wakatoka majini vyura wadogo wa kukaa juu ya ukucha. Nilimwuliza Mama wale ni nini, akaniambia viluwiluwi. Bibi naye alipoinama mtungini alisema viluwiluwi. Neno ni moja, ninyi mnajua. Watoto wa chura ni viluwiluwi na watoto wa mbu ni viluwiluwi, na mtu mzima hachanganyi kwa sababu anajua anazungumza nini. Hakuna aliyenieleza. Bibi alidhani neno limetosha, na mimi nikadhani nimelielewa.

Kwa hiyo nilichokiona mtungini ni Bibi yangu akiua watoto wa vyura. Wale wa mtungini walikuwa wembamba kuliko wa mtoni, hilo nililiona, lakini nikajiambia hawa bado wachanga. Na nyumba yetu ilikuwa imefiwa na watoto. Mama alikuwa na kanga moja ambayo hakuivaa kwa sababu alimbebea yule wa pili. Mimi nilijua mama akifiwa na mtoto anakuwaje, nilikuwa nimemwona wangu. Nilimwuliza Bibi, nikiwa nimeshika kichupa:

"Bibi, mama yao hatalia?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama yao? Mama yao ndiye adui yetu, mke mwenzangu. Akilia na alie."

Nikaona Bibi ana moyo mgumu. Nikaamua kuwaokoa.

Nilikuta chungu kilichovunjika shingo nyuma ya banda la mbuzi. Nikakijaza maji ya mvua, nikachota viluwiluwi kwa kifuu kutoka mtungi ambao Bibi alikuwa bado hajaufikia, nikawatia humo. Nikatafuta pahali ambapo Bibi hapiti. Ulikuwapo upande mmoja tu. Nikakiweka chungu chini ya dirisha la Mama, kwenye kivuli, nikakifunika nusu kwa jani la mgomba ili jua lisiwachome.

Jamani, niliwalea. Niliwapelekea makombo ya ugali, nikiyafikicha kwa vidole mpaka yawe unga. Niliwaimbia. Niliwaambia wasiogope. Baada ya siku kadhaa wakaanza kubadilika: vichwa vikavimba, miili ikajikunja, wakawa wafupi wanene wanaorukaruka majini. Nikajua tu, miguu hiyo inakuja. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena, hata nilipozaa. Asubuhi moja nilifunua jani nikakuta maji matupu. Viganda vyepesi vyeupe vilielea juu, vitupu, na hakuna aliyebaki. Nikaruka peke yangu nyuma ya nyumba, mkono mdomoni ili Mama asisikie. Wameota miguu. Wamekwenda zao.

Nikachota wengine, nikawatia humo humo.

Salimu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, akiegemezwa na mto. Mchana Mama alimlaza chumbani, dirisha wazi, kwa sababu jikoni palinuka. Siku niliyomwona hataki ziwa ilikuwa siku ya tatu au ya nne tangu kundi la pili nalo lipotee chunguni. Mwili ulikuwa wa moto. Bibi alimgusa shingo mara moja tu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Ana mbu."

Baba alikimbia Boma, akarudi na kwinini kwenye karatasi. Tuliisaga na maziwa, akatapika. Yeyo alileta magome yaliyochemshwa, machungu, akatapika hayo pia. Homa ilikuja, ikaondoka, akacheka kidogo, Mama akaanza kuimba, ikarudi tena. Bibi aliacha kula. Alizunguka nyumba akiinama kila mahali, mitungi, mfereji, hata alama za kwato za mbuzi zilizojaa maji. Alikuwa anazungumza peke yake: "Wanatoka wapi? Nimewamaliza. Wanatoka wapi?"

Kisha akasimama kwenye kona ya nyumba, akatazama upande aliokatazwa. Nilimwona akisita. Halafu akaenda, nami nikamfuata.

Akakifunua chungu. Akaona maji, viganda, viluwiluwi wapya, na makombo ya ugali yaliyofikichwa vizuri. Akatazama alama za nyayo zangu kwenye udongo laini.

"Nani ameweka hiki, mke mwenzangu?"

"Mimi."

"Cha nini?"

"Nawalea vyura," nikasema, na niwaambie kweli, nilisema kwa kujivuna. "Wengine wameshaota miguu wameondoka. Usiwaue hawa, Bibi, nakuomba."

Bibi alikaa chini pale pale kwenye tope. Alinivuta akanikumbatia kwa nguvu hata nikashindwa kupumua, nami sikujua nimefanya nini cha kukumbatiwa hivyo. Halafu akainuka, akamwaga chungu kwenye jivu kavu, akakivunja kwa jiwe vipande vidogo vidogo, akavifukia.

"Hii ni siri yetu ya wake wenza," aliniambia, ameshika uso wangu kwa mikono miwili. "Usimwambie mama yako. Usimwambie baba yako. Hata ukiwa mkubwa. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilipenda kuwa na siri na Bibi.

Salimu alikufa siku ya pili yake, adhuhuri, jua likiwa limetoka baada ya mvua ya siku nyingi. Alikufa mikononi mwa Mama, na Mama hakupiga kelele. Alimtazama tu, akaendelea kumpepea.

Kelele zilikuja baadaye. Baba alituma mtu dukani kwa Mhindi kununua sanda na karafuu maiti. Wanawake walipoisaga na kuitia majini, Mama, aliyekuwa amekaa pembeni kimya, akainua kichwa. Alinusa. Akamgeukia Bibi.

"Ni hii," alisema. "Si nilisema? Ni hii hii. Uliyaleta mauti nyumbani kwangu miezi yote hii. Ulimwosha mwanangu akiwa hai!"

Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa kanga ya Bibi. Alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa limefukiwa hatua chache kutoka pale, na mwenye kosa alikuwa amemshika kanga. Akaniangalia mara moja, chini, kisha akamwangalia Mama.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Hakusema kwamba upande wa dirisha ndio pekee ambao mafuta hayakufika. Hakusema kwamba aliyekataza ni nani. Mama alimwambia atoke, wanawake wakamzuia Mama wakisema ni uchungu, ni uchungu, na Bibi akatoka mwenyewe akakaa nje kwenye tope mpaka mazishi yakaisha. Matanga yalipoanuliwa, siku ya tatu, akafunga mzigo wake.

Baba na mimi tulimsindikiza mpaka kivukoni mwa mto Themi, ambako wapagazi wa Moshi walikuwa wanangojana. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu. Baba alikwenda kuzungumza na kiongozi wa msafara. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu anaondoka, si kwa sababu nyingine, na katika kulia nikakumbuka.

"Bibi, vyura wetu walikwenda wapi?"

Alikuwa anajifunga kanga upya. Akaikaza, akaifungua, akaikaza tena.

"Walikwenda mtoni," alisema. "Niliwaona."

"Wote?"

"Wote, mke mwenzangu. Wazima kabisa. Wewe ni mlezi mzuri."

Akanibusu kichwani, akatangulia majini. Hatukumwona tena. Vita vya Mdachi na Mwingereza vilikuja, njia zikafungwa, na habari ya kwamba amefariki kwao mlimani ilitufikia muda mrefu baada ya yeye kuzikwa. Baba alilia. Mama alisema, "Mungu amrehemu," akaenda jikoni.

Mimi niliamini vyura wale mpaka nikawa mwanamke mwenye watoto wawili. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Bwana afya alipita mtaani kwetu na chupa ya kioo, akachota maji kwenye pipa langu, akatuita wanawake tuje tutazame. Akaonyesha kwa kidole: hawa wembamba, halafu wanavimba kichwa na kujikunja hivi, halafu wanapasua ganda na kuruka, ni mbu. Ganda linabaki linaelea. Wenzangu walikuwa wanachekacheka. Mimi nilimwomba anirudishie chupa nitazame tena. Nikatazama. Nikamwuliza kwa sauti ambayo sikuitambua kama ni yangu, "Hawa si watoto wa chura?" Wakacheka zaidi. Nikaingia ndani nikafunga mlango, sikupika siku ile.

Sijui kama ni mbu wa chungu changu. Bwana afya alisema wako wa namna nyingi, na si wote wanaoleta homa. Masika yale kila mahali palikuwa na maji, na kwa majirani pia watoto walikufa. Hayo nimejiambia mara nyingi sana. Lakini Bibi hakuhitaji kujua kwa hakika. Aliona mtoto mmoja amekwisha kufa, akaona mwingine mwenye nyayo kwenye tope, akachagua atakayelaumiwa awe yeye.

Na mimi nilikuwa na miaka mingi ya kumsafisha Bibi jina lake mbele ya Mama. Mama aliishi nami tangu Baba alipofariki, chumba cha pili, mlango ukitazamana na wangu. Kila siku nilipanga. Nikisema habari ya chungu, nitakuwa nimemwambia kwamba niliyemfanya afiwe ni mimi, mwanawe aliyembakia. Na nitakuwa nimemwambia kwamba chungu kiliweza kukaa pale kwa sababu ya katazo lake. Nilijificha nyuma ya hilo la pili, nikalifanya huruma. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mama yangu, mwanamke mzima mimi, mwenye wajukuu.

Kabla Mama hajalala kitandani moja kwa moja, tulikuwa tumekaa barazani asubuhi tunachambua mchele. Alikuwa anaona kidogo sana wakati huo, vidole ndivyo vilivyochambua. Akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Zena," akaniita. "Nakufa hivi karibuni, na jambo moja silipatii jibu. Yule mama mkwe wangu, mbona hakujitetea? Nilimtukana mbele ya watu, mtu mzima yule, naye akaniomba msamaha. Nimejiuliza miaka yote hii. Asiyekosa hunyamaza hivyo? Wewe ndiye uliyekuwa unamfuata kila mahali. Hakukwambia kitu?"

Alinigeuzia uso, akangoja. Alikuwa anataka kweli kujua. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hakuniambia kitu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele wake.